Jozi ya Mwisho ya Namba Thelathini na Nne

Kila siku akitoka shule, Meneja alikula chakula chake, akanawa mikono mara mbili, kisha akaenda kukaa kwenye kigoda chake karibu na dirisha la karakana ya shangazi yake. Jina hilo hakupewa na wazazi. Alipewa na shangazi mwenyewe, fundi viatu ambaye vidole vyake havikukauka gundi, siku ile walipofungua duka la mtandaoni.

"Mimi nitabaki fundi," shangazi alisema. "Wewe mwenye vidole safi utakuwa meneja wa simu." Msichana alikuwa na miaka kumi na miwili. Tangu siku hiyo hata mwendo wake ulibadilika, akawa anatembea kama mtu anayesubiriwa kwenye kikao.

Aliyewatengenezea duka hilo ni binti mmoja mpole aliyeitwa Dada Waya, kwa kuwa mkoba wake haukukosa waya wa kuchomeka mahali. Aliwaeleza polepole, kama anayemfundisha mtoto kufunga kamba za viatu. Picha za viatu, alisema, hazikai kwenye simu. Zinakaa kwenye kompyuta kubwa iliyo mbali, inayoitwa seva, isiyolala usiku wala mchana. Mteja akifungua duka kwenye simu yake, mtandao unakwenda kuchukua picha huko na kumletea. Akipenda kiatu, analipa kwa simu hiyohiyo, ujumbe wa malipo unaingia, na mzigo unapewa namba ili ajue umefika wapi njiani.

"Ila kuna jambo moja," Dada Waya aliongeza. "Duka lina orodha ya jozi zilizobaki. Mtu akinunua mtandaoni, orodha inajipunguza yenyewe. Mtu akija kununua hapa dukani, orodha haina habari. Ni lazima mtu aiambie."

Ndipo shangazi akatunga utaratibu wake. Kila alipouza jozi pale benchini, alipaza sauti, "Punguza!" Meneja alibonyeza simu, akajibu, "Nimepunguza!" Kinyozi wa mlango wa pili aliupenda mchezo huo mpaka naye, kila akimaliza kichwa cha mteja, akawa anaita, "Punguza!" Mtaa mzima ukacheka.

Jumatatu moja alasiri, Meneja alikuwa amezama kwenye mchezo wa simu wa kupanga matofali. Alikuwa amefika hatua ambayo hakuwahi kuifikia, na matofali yalishuka kwa kasi. Mama mmoja aliingia, akamjaribisha mwanawe viatu vyeusi vya mkanda, namba thelathini na nne, akalipa, akaondoka.

"Punguza!"

"Nimepunguza!" Meneja alijibu bila kuinua uso. Moyoni alijiambia, nikimaliza hatua hii tu. Hatua ikaisha, ikaja nyingine. Kisha mama yake akamwita nyumbani, naye akaiweka simu rafuni na kwenda zake.

Kesho yake alimkuta shangazi amesimama mbele ya rafu, miwani imepanda kwenye paji la uso.

"Meneja, njoo. Kuna baba amenunua mtandaoni tangu jana jioni. Viatu vyeusi vya mkanda, namba thelathini na nne. Ameshalipa. Mimi jozi ya mwisho nimeiuza hapahapa. Si nilikwambia upunguze?"

Maneno yakamtoka Meneja kabla hajayapima.

"Nilipunguza, Shangazi. Labda ni mtandao."

"Mtandao!" Shangazi akasonya. "Haya, tumpigie mwenyewe."

Yule baba alisikika vizuri, kwa kuwa shangazi aliweka simu mezani na kuifungulia sauti. Shangazi akamweleza kwamba mtandao umewasumbua na kwamba atampigia tena kesho. Basi ule uongo wa mtoto mmoja, uliosemwa kando ya rafu, ukaingia kwenye simu na kufika mji mwingine papo hapo. Kabla simu haijakatwa, ikasikika sauti nyembamba.

"Shangazi wa viatu, shikamoo. Jumamosi ninaimba mbele ya shule nzima. Picha ya viatu nimeshawaonyesha wenzangu wote."

"Marahaba, mwanangu," shangazi akajibu, na sauti yake ikawa ndogo.

Jumatano Meneja hakuona ladha ya kitu. Darasani mwalimu alimuuliza hesabu ya kutoa, naye akajumlisha. Alipopita kwa kinyozi akirudi, mzee huyo akaita kwa furaha, "Punguza!" Kila siku Meneja alikuwa akimjibu. Safari hii aliinamisha kichwa na kupita kama aliyepigwa.

"Kulikoni? Leo meneja kafunga ofisi?" kinyozi akauliza.

Ndani alimkuta Dada Waya ameketi benchini, kompyuta ndogo mapajani. Shangazi alisimama nyuma yake, mikono kiunoni.

"Ninatazama kumbukumbu za seva," Dada Waya alisema. "Kila badiliko linaandikwa na saa yake. Jumatatu mchana yapo mawili. Baada ya hapo hakuna kitu mpaka yule baba aliponunua."

"Maana yake nini?"

"Mama, sijui. Mtandao ukikatika, hapa panakuwa patupu. Mtu asipobonyeza, panakuwa patupu vilevile. Kwa kuwa Meneja anasema alibonyeza, basi kosa liko kwenye kazi yangu."

Shangazi akavuta pumzi. "Binti, wewe ni mtu mzuri. Lakini yule mtoto anatungoja. Duka la namna hii siliwezi. Nadhani nitafute fundi mwingine, au tulifunge kabisa, nirudi kwenye benchi langu."

Dada Waya hakubisha. Alianza kukunja nyaya zake taratibu, mmojammoja, akizitia mkobani. Meneja aliitazama mikono ile. Aligundua kwamba hakuna atakayemkamata, wala seva yenyewe. Angeweza kunyamaza, na ingekuwa imeisha hivyo. Dada Waya angetoka mlangoni na kosa lisilo lake, akapeleka kwa wateja wake wengine jina la fundi asiyejua kazi.

Waya wa mwisho ulipoingia mkobani, Meneja akasimama. Kigoda kikaanguka.

"Sikubonyeza."

"Unasemaje?" shangazi akauliza.

"Sikubonyeza, Shangazi. Nilikuwa nacheza. Niliitikia tu. Mtandao haukuwa na kosa. Dada Waya hana kosa."

Mkasi wa kinyozi ulisikika kupitia ukutani. Meneja alingoja kofi au kelele. Shangazi akakiinua kigoda, akakaa juu yake, ili macho yao yawe sawa.

"Uliniacha nimdanganye yule baba," alisema. "Mimi, kwa mdomo wangu."

"Nisamehe, Shangazi."

"Anza na huyu hapa."

Meneja akamgeukia Dada Waya. "Nisamehe, Dada. Nilikuona unakunja nyaya, na nilijua."

"Nimekusamehe," Dada Waya akasema. "Ila mwenzangu, jana usiku sikulala. Nilikagua kazi yangu yote nikitafuta kosa." Maneno hayo, yaliyosemwa bila hasira, yalimuuma Meneja kuliko kofi.

Shangazi akamsogezea simu. "Mpigie yule baba. Mdomo uliosema mtandao ndio utakaosema ukweli."

Meneja akapiga. Alieleza yote. Yule baba akasema, "Ngoja, mwambie mwenyewe," akampa mtoto wake simu.

"Kwa hiyo viatu vyangu havikuwapo kabisa?" sauti nyembamba ikauliza.

"Havikuwapo. Ni mimi niliyeacha ionekane vipo. Lakini Shangazi..." Akamtazama shangazi, ambaye tayari alikuwa ametandaza ngozi nyeusi mezani na kuinua vidole viwili. "Shangazi anasema siku mbili. Vitapanda basi la Ijumaa asubuhi."

"Sawa. Lakini viwe na mkanda kama wa kwenye picha. Hapo usinidanganye tena."

Siku mbili hizo Meneja hakuigusa michezo ya simu. Alisugua soli, akapaka rangi, akashika mkanda wakati shangazi akishona, mpaka vidole vyake navyo vikawa vyeusi. Ijumaa asubuhi, kabla ya kengele ya shule, waliufikisha mzigo kituoni pamoja, na Meneja mwenyewe akamtumia yule baba namba ya mzigo. Jumamosi jioni ikaingia picha: msichana mwembamba jukwaani, mdomo wazi, viatu vinang'aa.

Shangazi aliitazama kwa muda mrefu. "Unajua, Meneja," alisema, "nilidhani duka hili linaendeshwa na seva na mtandao. Kumbe vyote hivyo havina macho. Haviwezi kuona rafu yangu. Vinaamini tunachoviambia, na mteja aliye mbali naye anaviamini. Tukisema uongo hapa dirishani, vitaubeba ulivyo mpaka kwake, wala havitauliza. Kwa hiyo kitu cha kwanza katika duka hili ni neno lako. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Shangazi."

Mteja akaingia, akachagua ndala za ngozi, akalipa.

"Punguza!" shangazi akaita.

Kimya. Shangazi akageuza shingo. Meneja alikuwa ameinamia simu, midomo imebana, akingoja ukurasa ufunguke upya. Kwenye orodha, nne ikafutika. Tatu ikatokea.

Ndipo akainua uso. "Nimepunguza."