Aliyeuliza Jina la Mama

Alhamisi ile simu ya Karima iliita adhuhuri, na daktari aliyetokea kwenye kioo hakupepesa macho hata mara moja.

Karima alidhani ni mtandao. Mjini Likasi mtandao ukilegea, hata sura ya mtu huganda.

Mtoto wake mchanga alikuwa amefariki mwezi wa pili wa mwaka ule, na tangu hapo kuamka kitandani kulimshinda. Binti yake Chiku, wa miaka sita, alikwenda shule bila kuchanwa nywele. Ndipo mumewe Assani, dereva wa lori kwenye barabara mbovu ya Kakanda, alipomtafutia Docteur Élise, daktari wa magonjwa ya akili aliyeko Lubumbashi, anayetibu kwa simu ya video kila Alhamisi. Daktari alimsikiliza saa nzima, kisha akatuma cheti cha dawa kwa WhatsApp: kidonge kimoja kila asubuhi.

"Itakuponyesha polepole, Mama Chiku," alimwonya. "Usiache mpaka miye nikuambie."

Wiki ya tano Karima alisonga bukari, ugali wa kwao, mwenyewe.

"Eh! Hii bukari iko nguvu kama njia ya Kakanda," Assani alimtania.

"Basi kula njia yako, ufike," akajibu, na wote watatu wakacheka.

Kumbe palikuwa na aliyesikia kicheko kile, asikipende.

"Uko muzuri sasa," alisema Alhamisi ile daktari asiyepepesa, kwa sura ya Docteur Élise. Simu ilinuka ubani na maziwa yaliyochacha. "Sema jina yako. Na ya mama yako."

Karima hakushtuka. Tangu utotoni, kila mwalimu wa madrasa aliyemwandikia kombe, aya zilizooshwa kwa maji ya kunywa, alianza kwa kuuliza jina la mama. Alidhani matabibu wote ndivyo wafanyavyo.

"Karima. Mama alikuwa Zuhura."

"Karima wa Zuhura. Umepona. Tupa ile dawa."

Akaitupa chooni, akiimba.

Haikupita wiki. Mchana kweupe alisikia mtoto mchanga akilia ndani ya kabati, akafungua, akakuta vitenge tu, akafunga, na kilio kikahamia chini ya kitanda, kisha ndani ya ndoo, kisha ndani ya kifua chake mwenyewe, na ile harufu ya maziwa ikampanda kooni hata bukari ikamtapisha, na kitanda, kile kile alichokuwa amekishinda, kikamvuta tena mpaka akakosa nguvu ya kunyoosha mkono amfunge Chiku vifungo vya shati la shule.

Simu ikaita. Alikuwa Docteur Élise, na macho yake yalipepesa.

"Mama Chiku, unisamehe. Alhamisi ile sikukupigiaka simu, courant ya umeme ilikatika huku siku muzima. Dawa uko nakunywa?"

"Docteur..." Karima alinong'ona. "Ni weye uliniambiaka nitupe."

"Miye? Hapana, mama."

"Uliniuliza jina ya mama yangu."

Daktari alitikisa kichwa. "Siulizaka mugonjwa vile, mama. Hata siku moja." Kisha, kwa upole: "Tunaanza tena leo. Baba Chiku aende ku pharmacie kutafuta dawa sasa hivi."

Assani alitoka mbio, hata viatu hakufunga. Karima akabaki amelala, simu kifuani, mpaka betri ikaisha na kioo kikawa cheusi. Chiku alikuwa sakafuni karibu naye, akiandika herufi kwenye kibao chake.

Kutoka ndani ya kile kioo cheusi ikaja sauti tulivu, yenye subira, kama ya mwalimu anayeita majina darasani, na harufu ya maziwa yaliyochacha ikajaa chumba kizima. Haikumwita yeye.

"Chiku wa Karima?"

Karima alitaka kupiga kelele, alitaka kumziba mwanawe mdomo, na mkono wake ulikuwa pale pale, shibiri moja tu kutoka kwenye shavu la mtoto, ila haukuinuka.

Chiku aliweka chaki chini. Akasimama wima, mikono ubavuni, kama walivyomfundisha shuleni.

"Présente!"