Niliyempa Macho Yangu

Siku niliyotengeneza avata yangu ilikuwa siku ya kawaida kabisa. Mwanangu, tunayemwita Bonge kwa sababu ya mashavu yake, alikuwa ameshiba na kulala chali, ngumi zote mbili juu kama bondia aliyeshinda. Mama mkwe alikuwa barazani anachambua mchele. Mimi nilikaa ukingoni mwa kitanda na simu, najichagulia pua.

Usicheke. Ukumbi wa Kina Mama ulitaka hivyo. Ni programu ya simu ya wanawake wenye watoto wachanga, na humo ndani huonekani wewe mwenyewe. Anaonekana mtu wa kuchorwa uliyemtengeneza, anaingia kwenye sebule yenye viti vilivyopangwa duara, anakaa, na sauti yako inatoka kwake. Huyo ndiye avata. Baba Bonge ni dereva wa malori, siku nyingi yuko barabarani, na mchana wa mwenye kichanga ni mrefu. Nikajiunga.

Nilijitengeneza kwa subira, picha yangu ikiwa pembeni. Macho niliyachora kwa kidole mpaka na ule ukope wangu mmoja unaolegea ukatokea. Mdomo niliuchora ukitabasamu. Nywele nilijisuka mistari minene iliyoshuka mpaka shingoni ikafunika pande zote mbili za uso, nikaona nafuu, masikio nisijisumbue nayo. Nikajivika gauni la bluu. Mwisho nikajipakatisha mtoto wa kuchorwa, mnene kama wangu.

"Mbona umejipunguza kiuno?" mama mkwe akauliza alipochungulia.

"Ah, mama! Ndiyo mimi hivyo hivyo."

"Wewe? Huyo ni wewe wa kabla mwanangu hajakuoa."

Ukumbini walinipokea kama ndugu. Mwenye ukumbi tulimwita Shangazi. Avata yake ilikuwa na miwani mikubwa na kilemba cha njano. Akisikia ninapiga miayo, alinifukuza nikalale. Kulikuwa na mwingine, fundi viatu, aliyemwimbia Bonge kwenye simu ili mimi nipate kuoga bila haraka. Mpaka leo sijawahi kuiona sura yake, na mpaka leo namwombea.

Ila mlangoni mwa sebule ile alisimama mtu mmoja.

Alikuwa avata isiyomalizika. Ukijiunga, kabla hujachagua chochote, unapewa mwili mtupu wa kijivu kama udongo, hauna nywele wala uso, mikono imenyooshwa mbele. Wenzetu walikaa hivyo kwa muda mfupi tu wakajitengeneza. Huyu hakuwahi. Wanawake walimpita kama nguzo, na yeye akabaki na mikono yake mbele, kama anayesubiri kukabidhiwa kitu.

"Yule ni nani, Shangazi?" nikauliza.

"Si mtu. Kuna aliyefungua akaunti akaenda zake. Nimemfuta, anarudi. Nimemfuta tena, anarudi. Mzoee tu."

"Lakini yuko uchi."

"Mama Bonge, udongo hauoni haya."

Sikuweza kumzoea. Ukumbini unaruhusiwa kumpa mwenzako nakala ya kitu ulichotengeneza mwenyewe, bila malipo, na ukishatoa haiwezi kurudishwa. Nikampa gauni langu la bluu. Kesho yake nikampa nywele zangu. Alipendeza, lakini ule uso mtupu chini ya nywele nzuri uliniuma zaidi, nikampa na macho. Hapo akageuza kichwa. Hakuwatazama wanawake. Alimtazama mtoto niliyempakata.

Nikampa na mdomo, maana macho bila mdomo ni huzuni tupu. Akatabasamu. Mdomo ule haukuwa umefundishwa kitu kingine.

"Umejizalia pacha," Shangazi akaninong'oneza. "Ungemwacha alivyo."

Nilicheka. Nikamwambia kumsitiri mtu hakujawahi kumdhuru mtu.

Mambo yalianza kwa wema. Hilo ndilo lililonichelewesha kuogopa. Nilirudi kutoka kuanika nguo nikamkuta Bonge amefunikwa shuka mpaka kifuani, pembe zimekunjwa vizuri chini ya godoro. Nikapita barazani nikamshukuru mama mkwe.

"Ya nini tena?" akasema. "Sijainuka hapa tangu tulipokunywa chai."

Nikadhani ni mzaha. Mama mkwe ni mtu wa kukutendea jema halafu akalikana. Siku nyingine nilimkuta mtoto amepakwa mafuta, hata kwenye mikunjo ya shingo ambako mimi husahau. Nikashukuru tena. Akakana tena. Halafu siku moja nikamkuta amekatwa kucha. Zote, za mikono na za miguu, zimekatwa kwa uangalifu bila kumchubua.

"Mimi?" Mama mkwe akaninyooshea vidole vyake vinavyotetemeka kwa uzee. "Kwa mikono hii?"

Tulipekua shuka, tukafagia chini ya kitanda, tukakung'uta mto. Hatukuona hata kipande kimoja cha kucha.

Siku hiyo hiyo Shangazi akanipigia. "Jana umetuimbia vizuri, Mama Bonge. Nilitoa machozi."

"Jana sikuingia, Shangazi."

Nikamwomba anisomee maneno ya ule wimbo. Akaanza kuyataja polepole, na mimi nikayamalizia kimoyomoyo, kwa sababu ni wimbo nilioutunga mwenyewe, chumbani humu, mlango umefungwa. Una jina halisi la mwanangu, ambalo ukumbini sikuwahi kulitamka.

Nilifuta akaunti yangu. Nikazima simu, nikaitumbukiza kwenye ndoo tupu, nikaweka mfuniko. Mchana wake Bonge alikataa ziwa.

Maziwa yalikuwa yamejaa mpaka yananichoma. Nikamweka kifuani, akageuza uso. Nikambembeleza, akageuza tena. Kisha akacheua. Maziwa yakamtiririka kidevuni, mazito, bado ya moto. Sikuwa nimemnyonyesha tangu alfajiri, na ndani ya nyumba hapakuwa na maziwa mengine.

"Kashiba huyu," mama mkwe akanong'ona.

"Kashiba nini, mama?"

Aliinuka akafunga mlango. Akasimama akifikiri. Halafu akaufungua tena, kama mtu asiyejua adui yuko upande upi.

Kuanzia hapo nilikuwa nampoteza mwanangu huku nimempakata. Akilia, hakunyoosha mikono kwangu. Aliinyoosha kwenye kona, karibu na dirisha, na kilio kikakatika ghafla, kama cha mtoto aliyechukuliwa. Nikimwita hakugeuka. Usiku nilimfunga kifuani kwa kitambaa, na asubuhi kitambaa kilikuwa kimefunguliwa, kimekunjwa, kimewekwa vizuri chini ya kichwa changu.

Niliitoa simu ndooni niwatafute watu, na kila mtu alikuwa na ushauri. Baba Bonge, kwa sauti ya mbali yenye mngurumo wa lori, alisema nihamie kwa dada yake. Shangazi alisema nirudi ukumbini nikamwombe yule mtu radhi.

"Radhi ya nini?" nikamuuliza.

"Ya kumpa. Huruma yako ndiyo iliyomwingiza ndani, mwanangu. Udongo ungebaki udongo."

Nilipokata simu nikamkuta mama mkwe amefungua sanduku, anapanga nguo za Bonge. Machozi yanamtoka. Alikuwa ameweka na shali yake mwenyewe, ile nzuri, nikamfunikie mtoto njiani. Nikaitazama shali ile. Nikamtazama yeye. Ndipo hasira iliponipanda.

Niende wapi ambako macho yangu mwenyewe hayatanifuata? Na nimwombe radhi kiumbe kwa sababu nilimvika nguo? Nimesoma shule ya msingi tu, lakini najua kutofautisha kosa na wema. Mwizi akiingia kwa mlango uliomfungulia mgeni, lawama ni ya mwizi.

"Mama, rudisha nguo kabatini."

"Mwanangu..."

"Rudisha. Nyumba ni yangu na mtoto ni wangu. Huruma pia ni yangu, na haiombewi msamaha."

Kesho yake jua liliwaka kweli kweli. Bonge alikuwa anaota jino na mwili ulikuwa wa moto. Alipolala nikakaa kizingitini, beseni la nepi chafu miguuni, mlango wazi, nimsikie. Mama mkwe yuko kando yangu. Nilikuwa sijafikicha hata nepi ya kwanza alipoanza kulia.

Kilikuwa kilio cha maumivu. Mama anakijua.

Na juu ya kilio, wimbo. Sauti yangu.

Niliingia.

Kitandani hapakuwa na mtu. Bonge alikuwa hewani, juu ya kitanda, usawa wa kifua cha mwanamke wa kimo changu. Anabembelezwa. Kushoto, kulia. Kushoto, kulia. Vumbi lilikuwa likielea kwenye mwale wa jua wa dirishani, lakini mbele yake kulikuwa na mahali ambapo vumbi halikupita. Mahali penye mabega.

"Mlete!" nikasema.

Wimbo ukaendelea. Mtoto alipiga yowe mpaka akakaukiwa pumzi, na wimbo haukupungua, haukuongezeka. Mchangamfu. Mpole. Ule ule.

"Nasema mlete mwanangu!"

Kushoto, kulia.

Ndipo nilipoelewa. Sikumpa masikio; hata wimbo ule ulikuja na mdomo wangu, hakuusikia popote. Alikuwa na macho ya kumwona na mdomo wa kumwimbia, lakini kilio hakikumfikia. Angeimba hivyo hivyo mpaka mtoto anyamaze kabisa, na angeendelea kutabasamu.

Nikamwendea. Nikapitisha mikono chini ya mgongo wa Bonge, na pale nikagusa mikono mingine. Baridi. Imelowa. Laini kama udongo wa mfinyanzi. Nikavuta. Ikavuta. Nikaweka goti kitandani, nikavuta kama unavyong'oa mguu kwenye tope. Sikulia. Sikuomba. Niliukazia macho ule utupu mahali ambapo macho yangu mengine yangekuwa, nikatikisa kichwa. Hapana. Hapana. Hapana.

Mtoto akatoka.

Aliniangukia kifuani, akanishika nywele kwa ngumi zote mbili. Wimbo ukakatika. Nikajua, bila kuona, kwamba ile mikono bado imenyooshwa mbele yangu. Mitupu.

Nikamhurumia. Ndiyo, hata wakati ule. Lakini kumhurumia mtu si kumwachia kila kitu. Wazee wamesema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.

Nikamkabidhi mama mkwe mtoto. Nikatoka mpaka kizingitini, nikanyanyua beseni, nepi na maji na uvundo wake wote, nikarudi nalo. Nikaliweka juu ya ile mikono.

Nikaachia.

Beseni halikuanguka.

Maji yalitikisika, yakatulia. Nikanyoosha kidole kwenye nepi, kisha nje, kwenye kamba ya kuanikia. Nikanyoosha kidole kwa Bonge, nikatikisa kichwa. Nikarudia taratibu, kama unavyomwonyesha mtoto. Macho alikuwa nayo, ya kwangu, na mimi si kipofu.

"Unamtuma?" mama mkwe akanong'ona. "Mwanangu, unamtuma kazi?"

"Si alitaka kusaidia? Kazi ndiyo hiyo. Mtoto ana mama."

Beseni likageuka. Lilipita katikati yetu, polepole, likavuka kizingiti, bila kumwaga tone.

Mchana ule Bonge alininyonya mpaka akasinzia na ziwa mdomoni. Hatukuhama. Sasa anatembea, anavunja vikombe, na akinikosa hata kidogo anaita "mama" mpaka majirani wanamjibu. Shangazi bado hunipigia. Siku moja aliniuliza kama moyo wangu haunisukumi kumalizia nilichoanza, nikampa yule mtu masikio. Nilimwambia nguo ningempa tena, na nywele, na macho pia. Masikio hapana. Sitaki amsikie mwanangu anavyoita.

Bonge ameacha nepi muda mrefu. Zake nilishawagawia wenzangu wenye vichanga. Leo asubuhi nilipofungua mlango, kamba yangu ilikuwa imejaa nepi. Nyeupe, zimefuliwa zikatakata, zimeanikwa kwa mpangilio mzuri kuliko wangu. Zilikuwa ndogo sana, za mtoto wa siku moja. Hakuna mzazi mpya upande wetu huu. Nimeuliza kila mlango. Na mwisho wa kamba kulikuwa na moja isiyofuliwa, bado ina uvuguvugu. Yule mtu ana wake sasa, na sijui amemtoa wapi.

Niliianua nikaifua, maana mtoto ni mtoto. Nyingine nikazikunja. Nikazipanga zote nje, upande wa pili wa kizingiti. Ndani haziingii.