Diarra Asiyejibu

Siku ya nne ya kununiwa, Nyagale aliweka begi mlangoni.

"Naondoka na Sitan," alisema. "Mama yako akitaka mtoto wa kulea, atafute kwingine."

Zumana, mumewe, aliendelea kumimina chai. Mama yake alikuwa amepiga simu kutoka mji wa San akimtaka Sitan, mjukuu wake wa miaka mitatu, akalelewe kwake, na Zumana akajibu, "Ndiyo, mama," bila hata kumuuliza mkewe. Tangu Nyagale amdai maelezo, ulimi wake ulikuwa umefungwa.

Na ni mtu huyuhuyu ambaye jana alibishana mpira na marafiki zake mpaka majirani wakachungulia, kisha wakanywa chai pamoja wakicheka. Kwa rafiki, kelele. Kwa mama, ndiyo mama. Kwa mke, kununa. Inauma, tena sana.

Nyagale akashika begi, halafu akakumbuka. Yeye ni Traore, mumewe ni Diarra: koo mbili za watani tangu enzi za mababu. Mtani akikuchokoza, hata akikuita mtumwa au mla maharage, hukasiriki, na usipomjibu umeaibisha ukoo mzima. Wakati wa uchumba walitaniana hivyo mchana kutwa. Alipoolewa akajitia adabu za mke mwema, akaacha. Hapo ndipo alipokosea.

"Wewe Diarra," akasema taratibu. "Mtumwa wangu. Nani kakuruhusu kukaa huku bwana wako kasimama? Au maharage yamekujaa mpaka kooni?"

Zumana akaweka birika chini. Alijaribu kuvumilia, akashindwa.

"Traore ndiye wa kuniita mla maharage? Nyie mlioiba sufuria msibani?"

"Ukoko tuliwaachia."

Zumana akacheka mpaka machozi yakamtoka. Kisha machozi yakaendelea, kicheko kikaisha.

"Naogopa, Nyagale. Sijawahi kumkatalia mama kitu."

"Na mimi siku nne hizi, unadhani nilikuwa shereheni?"

Zumana alimtazama, akachukua simu, akampigia mama yake, akaweka spika.

"Mama, sikukuu tutamleta Sitan, tena tutakaa wiki nzima. Kulelewa huko, hapana."

Mama akauliza:

"Maneno hayo kakupa mkeo?"

"Hapana, mama. Ni yangu."

"Afadhali," mama akasema. "Nilidhani nimezaa bubu."

Begi alilirudisha chumbani mtumwa mwenyewe, akinung'unika kwa sauti njia nzima, na Nyagale akaona raha kumsikia.