Ukuta Uliochanwa

Saa mbili na dakika kumi asubuhi msimamizi wa ukumbi wa picha alipiga simu polisi huku akilia. Ilipofika saa tatu kasoro robo Darubini alikuwa keshaingia. Hilo ni jina walilompachika wenzake kituoni mpelelezi huyu, mama wa makamo mwenye miwani mizito na ulimi usio na subira. Alilikuta turubai la mita tatu, picha ya ukuta wa nyumba ya zamani, likining'inia vipande vipande. Mtu alikuwa amelichana mara saba, toka juu mpaka chini.

"Funguo anazo nani?"

"Mimi, na binti wa mchoraji. Hunisaidia kutundika picha," alijibu msimamizi. "Lakini nilipofika mlango ulikuwa wazi, na huyu mzee amesimama palepale."

Huyo mzee alikuwa fundi viatu, mdogo wake mchoraji. Mfukoni alikutwa na kisu cha kukatia ngozi. Isitoshe, jana yake saa kumi jioni, mbele za wageni wa maonyesho, alipayuka kwamba dada yake ameuanika ukuta wa mama yao hadharani, na kwamba ataishusha picha ile kwa mikono yake. Konstebo aliyefuatana na Darubini hakuona cha kuchunguza zaidi, akamtia pingu.

"Nilikuja kuomba iteremshwe kwa heshima," mzee alisema. "Afande, mimi nimchane mama yangu?"

Darubini alikitazama kile kisu. Kilikuwa kimeganda gundi nyeusi ya viatu hadi kwenye ncha. Akaangalia kingo za turubai palipochanwa: safi, hata doa moja la gundi hakuna. Hakuwa na muda mwingi: konstebo alikuwa na haraka ya kumpeleka mzee kituoni, na saa nane mchana alitakiwa mahakamani.

Mchoraji alifika saa tatu na nusu akishikwa mkono na bintiye. Presha ya macho ilikuwa imemla. Alibakiwa na kuona mwanga na vivuli tu. Miaka mitatu nyuma, wakati bado anaona, tingatinga lilipita kwenye nyumba aliyozaliwa kupisha barabara. Ukuta wake wa mbele ulikuwa na michoro ya mama yake, na mama wa mama yake kabla. Yeye alikimbilia kwenye kifusi na ndoo, akaokota udongo wa ukuta wenyewe, akausaga, akauchanganya na gundi, akauchora ukuta upya kwenye turubai. Duniani hakukuwa na kitu kingine kilichobaki cha nyumba ile.

"Kimebaki hata kipande?" aliuliza, na sauti yake ilimchoma Darubini vibaya.

Darubini alikuwa amechuchumaa. Karibu na ukingo wa chini aliona matone ya rangi yaliyochuruzika kuelekea sakafuni, yakakaukia njiani.

"Mama, picha hii uliichora ikiwa imesimama?"

"Mimi? Sijawahi. Mama alitufundishia chini, uani, kabla hajatuachia ukuta. Mkono ukazoea. Turubai nalilaza sakafuni, nalizunguka kwa magoti. Rangi yangu haina pa kukimbilia."

"Na tangu ilipotundikwa, umeigusa?"

"Wameweka kamba. Hawataki watu waguse."

Darubini alichukua kipande kimoja akamwekea kiganjani. Mchoraji alikipapasa kwa kidole gumba, akakipapasa tena, halafu akasukuma mkono wa Darubini.

"Hii siyo yangu. Hii ni laini. Udongo wangu uko wapi?"

Msimamizi alishika kichwa. "Mimi nilipokea picha tayari ina fremu! Binti yake ndiye aliyeileta."

"Ilikaa kwako muda gani?" Darubini alimgeukia binti.

"Wiki mbili. Nilikuwa naitengenezea fremu."

"Na wewe ukichora, unalaza au unasimamisha?"

Binti aliyatazama yale matone. Alikuwa amesoma chuo, na kila aliyesoma chuo huchora amesimama.

"Twende kwako," Darubini alisema. Mchoraji aling'ang'ania kwenda nao, na hakuna aliyethubutu kumzuia.

Chumba cha binti kilikuwa ghorofa ya nne. Walifika saa tano na dakika ishirini. Picha moja ilichukua ukuta mzima: ngazi za jengo lilelile, za saruji, zimelika kingo, na mwanamke akipanda na ndoo ya maji. Ilikuwa picha nzuri, wallahi. Darubini alitoa utepe wake akaipima. Mita tatu kamili.

"Ya mama yako iko wapi?"

"Chini ya hiyo," binti alisema.

Mchoraji alitafuta ukuta kwa mkono, akauegemea.

"Miaka minane natembeza picha zangu," binti aliendelea, machozi yakimtoka bila kuyafuta. "Kila ukumbi wananiuliza, asili yako iko wapi? Kwa nini huchori kama mama yako? Mimi ukuta ule sikuuishi, mama! Nimezaliwa kwenye ngazi hizi. Nikaamua kuunakili, nipeleke wa kwangu, nione kama watajua. Na juu ya ule wa kweli nikachora ngazi. Nilitaka zangu zikae juu, japo mara moja tu."

"Kwa nini ukaichana?" Darubini aliuliza.

"Hawakujua! Jana msimamizi akawaambia wageni kwamba mkono ule hauigiki, ni wa damu. Na wewe mama ukasimama mbele yake ukalia. Hujawahi kulilia picha yangu hata moja. Saa moja asubuhi nikaingia na wembe wa kukatia turubai. Nikakimbia bila kufunga mlango."

"Nililia kwa sababu nilikuwa sioni kitu," mama yake alisema.

Binti alikaa sakafuni.

"Na mjomba wako?" Darubini hakumwonea huruma, ingawa alitaka. "Ungemwacha afungwe?"

"Nilikuwa nataka kusema. Mdomo ulikuwa haufunguki."

Darubini alipiga simu kituoni, mzee aachiwe sasa hivi. Alipokata simu, mchoraji alikuwa keshaanza kuvua viatu.

"Ilazeni chini."

Waliilaza. Alipiga magoti akapeleka vidole juu ya ngazi za mwanawe, na chini ya rangi vikakuta tuta la udongo. Alilifuata. Uso ukamfunguka. "Huu ni mstari wa mlangoni. Hapa dirisha. Hapa mama alikuwa anaanza..." Vidole vikateleza. Akavirudisha, vikateleza tena.

"Mbona huku kumelala?"

"Nilipiga msasa, mama. Rangi yangu ilikuwa haishiki. Nilianza upande huo."

"Mpaka wapi?"

"Udongo umebaki hapo uliposhika mwanzo tu."

Mchoraji alitambaa kwa magoti hadi mwisho wa turubai, akipapasa ulaini mtupu, akageuka akarudi. Darubini alikuwa ameshika pingu, na kwa mara ya kwanza katika miaka yake ya kazi hakujua azifanyie nini.

"Vumbi lake uliliweka wapi?" mchoraji aliuliza.

"Nilifagia," binti alisema. "Nikalimwaga nje."

"Nje upande gani?" mama yake aliuliza, na tayari alikuwa anainuka, mkono ameunyoosha kuelekea mlangoni.