Aliyemlisha Moza

Siku Laurencia alipomwachisha mtoto ziwa, mtoto hakulia.

Alikuwa amejiandaa kwa vita. Alipaka shubiri tangu asubuhi, akapika uji wa mtama, akaweka kanga tayari ya kumbebea atakapoanza kupiga kelele. Mwalimu Magreti, jirani wa ng'ambo ya ua, alikuwa amemwonya. "Wangu wa kwanza aliniuma bega, jirani. Alama ipo mpaka leo. Jifunge kibwebwe." Lakini Moza, mtoto wa miaka miwili, alionja shubiri mara moja tu, akakunja uso, akamtazama mama yake kama mtu mzima anayemsamehe mwenzake. Kisha akateremka mapajani, akaenda chumbani kulala.

"Huyo atakuwa sista," Magreti alisema akicheka. "Kanisani mmemwandika Koleta, sasa mpelekeni kabisa mkamwache."

Laurencia naye alicheka. Lakini maziwa yalimjaa mpaka yakauma, na moyoni alijiona kama mtu aliyekataliwa.

Hawakuwa wamekaa sana Nachingwea. Mumewe, Octavian, ni afisa kilimo. Mwanzo alipangiwa Kilindoni, ule mji mdogo ambao ndio makao makuu ya kisiwa cha Mafia, akawa mtu wa minazi. Sasa alikuwa amehamishiwa kwenye mikorosho. Laurencia alishukuru, kwa sababu mama yake mzazi, Dafrosa, anaishi Nkowe, upande wa Ruangwa, na pikipiki inafika. Walipata nyumba ya zamani yenye baraza pana, na udongo mwekundu uliokuwa ukiingia mpaka kwenye mashuka.

Moza alikataa uji wa mtama. Akakataa ugali, akakataa ming'oko ya kuchemsha, viazi vya porini ambavyo hakuna mtoto wa huku anayevikataa. Hata hivyo hakukonda. Mashavu yalizidi kujaa. Laurencia alipombeba siku moja baada ya usingizi wa mchana, mtoto alipiga mwayo, na mdomo wake ukanuka tui la nazi.

Nyumbani hakukuwa na nazi. Alitazama kila sufuria, akanusa hata kijiko. Akamuuliza Magreti kama amemwonjesha mtoto kitu.

"Mimi? Nazi ya wapi, jirani? Hapa sokoni ukiipata moja bei yake utadhani inaongea."

Kesho yake saa saba mchana, jua likiwa kali na mtaa mzima umetulia, Laurencia alikuwa barazani anachambua mbaazi. Akasikia mtu anakuna nazi. Kru, kru, kru. Ni sauti ambayo aliyewahi kukaa kisiwani hawezi kuisahau, ya mtu aliyekalia mbuzi na kifuu mkononi, na ilitoka jikoni kwake mwenyewe. Aliinuka. Alipoufikia mlango sauti ilinyamaza. Jiko lilikuwa baridi, majivu ya jana yapo vilevile. Kwenye sakafu nyekundu palikuwa pamefagiliwa vizuri mno, kwa mistari ya upinde inayofuatana kama magamba ya samaki, na hivyo ndivyo wanawake wa Kilindoni wanavyofagia mchanga wa nyua zao.

Hakumwambia mumewe. Aliona aibu kusema kwamba nyumba imefagiliwa.

Usiku ule, mtoto akiwa usingizini, aliikumbuka Kilindoni. Alifika pale akiwa na mimba, hamjui mtu, na Octavian anashinda mashambani. Kwa hiyo akawa anautembea ule mji ili siku iishe. Alipita soko la samaki, na muuza samaki mmoja alikuwa akimwongezea samaki mdogo wa nyongeza na kusema, "Huyu wa aliye tumboni." Alipita kwenye mabaraza ambako wanawake wanasuka ukili, na kila baraza lilimsimamisha: umeamkaje, miguu haijavimba, kaa kidogo. Kikapu chake kilichukuliwa na watu asiowajua, kikaachwa mlangoni kwake. Mama mmoja wa vitumbua, Mwanamvua, alimfanya binti. Ulikuwa mji wa namna hiyo. Wema ulikuwa mwingi kiasi kwamba mtu aliacha kuuliza unatoka kwa nani.

Na hilo ndilo lililomponza.

Siku ya tatu baada ya kuona mtoto amelambishwa nazi, Octavian alirudi mchana kuja kula. Laurencia alikuwa akimpakulia alipomsikia amesimama ghafla kwenye ngazi za baraza.

"Mama Moza," alisema kwa sauti ya chini sana. "Njoo. Usipige kelele."

Moza alikuwa akikatiza uwanja kuelekea barabarani, akitembea polepole, bila kujikwaa hata kwenye mizizi ya mkorosho ambayo humwangusha kila siku, na mkono wake wa kulia ulikuwa juu, umenyooka mpaka bega limeinuka, kama unavyokuwa mkono wa mtoto anayeongozwa na mtu mrefu, na uso wake umegeuzwa kutazama juu pembeni, akitabasamu, akiitikia kwa kichwa maneno ambayo wazazi wake hawakuyasikia, huku harufu ya tui linalochemka ikitanda uwanja mzima kwenye lile joto, harufu tamu, ya nyumbani, inayomfanya mtu aone njaa na woga kwa pamoja.

Octavian alikimbia akamnyakua. Baadaye alikiri kwamba mtoto hakuja mara moja. Kulikuwa na kitu kimemshika. Kilimvuta kidogo, kwa upole, kama mtu anayemshika mtoto asianguke wakati wa kumpokezana. Kisha kikaachia.

Waliingia ndani wakafunga milango katikati ya mchana.

"Umeona?" Laurencia alinong'ona.

"Nimeona mkono wa mtoto."

"Baba Moza, umeona?"

"Nimeona mkono wa mtoto tu!" Akamkalisha mtoto mapajani, akauliza, "Moza, ni nani yule?"

Mtoto alimtazama kama anamshangaa. "Somo," alisema.

Laurencia alikaa chini palepale. Somo wa mtoto, yule waliyempa jina lake, alikuwa mmoja tu, na walimwacha Kilindoni.

Alimpigia simu Mwanamvua wa vitumbua. Salamu za kisiwani ni ndefu, na Mwanamvua hakukubali kuziruka. Alimuuliza mtoto, mume, mama, mvua, mpaka Laurencia akaanza kulia kwenye simu.

"Mama, yule jirani yetu wa nyuma. Bi Moza. Anaendeleaje?"

"Jirani yupi?"

"Wa nyuma ya nyumba tuliyokaa. Aliyeniletea uji nilipojifungua."

Kwa mbali walisikika kuku, na mtu anayekohoa.

"Mwanangu," Mwanamvua alisema taratibu, "nyuma ya nyumba ile kuna minazi na kisima kilichofukiwa. Hakuna mtu. Sisi hatufui nguo upande ule. Mlipomwita mtoto Moza nilidhani ni jina la bibi yenu huko bara." Kisha akauliza, "Ulikula mabakuli mangapi yake?"

Alikula mengi. Baada ya kujifungua alirudi kutoka hospitali na homa, mvua imekata barabara, Octavian amekwama upande wa pili wa kisiwa. Kila mchana mkono ulipita dirisha la nyuma, mkono wa mwanamke wenye hina, ukiwa na bakuli la uji mwepesi wa mchele na tui. Dirisha lilikuwa juu, uso hakuuona. "Kula, mwanangu, maziwa yatoke," sauti ilisema. Laurencia alipona kwa uji ule. Akauliza jina, akaambiwa Moza, wa huku nyuma. Basi akampa mtoto jina lile. Na kwa sababu amelelewa kushukuru kwa ukamilifu, aliongeza pale dirishani maneno ambayo ukoo wao humwambia mtu aliyepewa mtoto wa jina: "Wewe sasa ni somo wake. Kwetu somo ni mzazi. Akiachishwa ziwa, uje umchukue akakae kwako."

Sauti ikasema, "Nitakuja."

Dafrosa alifika kutoka Nkowe jioni ileile, amekaa upande nyuma ya pikipiki, na kuku amemfunga miguu. Alisikiliza yote bila kukatiza.

"Padre?" aliuliza.

"Katekista alikuja saa kumi," Octavian alijibu. "Alisali vizuri. Nyumba ilikuwa kimya muda wote wa sala. Alipotoka tu, tukasikia nazi inakunwa."

"Alikuwa anangoja mmalize," Dafrosa alisema. "Mgeni mwenye adabu hakatizi sala ya wenyeji. Watoto nyie, mnamfukuzaje mtu mliyemwita? Huyu hajavunja mlango. Amekuja kwa ahadi." Akamgeukia bintiye. "Na wewe mdomo wako! Ungesema ahsante tu, ukaishia hapo."

"Mama, ungekuwepo ungesema nini?"

Dafrosa alimtazama, na ukali ukamtoka. "Ningesema hivyohivyo," alisema.

Hawakungoja usiku. Dafrosa alitandika mkeka katikati ya sebule, akamkalisha Moza juu yake, akavua kandambili. Jua lilikuwa bado dirishani.

"Somo," alisema kwa unyenyekevu, "hodi kwako. Sisi ndio wenye mtoto. Tumekuja kuongea."

Harufu ya tui iliingia kama vile mtu amefungua mlango wa jiko. Moza aliacha kuchezea vidole vyake. Akanyoosha mgongo, akakunja miguu upande mmoja kama wanavyokaa wanawake wa barazani, akapanga gauni lake juu ya magoti. Mtoto ambaye hajui bado kuunganisha maneno matatu akafungua mdomo, na sauti iliyotoka ilikuwa ya mwanamke wa makamo, tulivu, yenye lafudhi ya kisiwa.

"Mmeshindaje. Nimekuja kumchukua wangu. Ameachishwa ziwa. Si ndivyo mila yenu ilivyo?"

"Ndivyo," Dafrosa alisema.

"Nimemlisha. Simtesi. Kwangu hapana njaa wala homa."

"Tunajua. Tunashukuru."

"Basi nipeni kanga yake."

Octavian alifumba macho. Laurencia alitambaa mpaka ukingoni mwa mkeka, na alipokuwa akiyatazama yale macho ya mwanawe yaliyokuwa yakimtazama kwa huruma ya mtu mwingine, huku akisikia nje mtaa ukiendelea, pikipiki, Magreti akigombeza wanawe, mtu akichota maji, aliona kwamba katika maisha yake yote hakuna aliyewahi kumtendea wema mkubwa kuliko huyu, na kwamba hakuna anayemwogopa zaidi, na kwamba hawezi kumtukana.

"Bi Moza," alisema, "siku zile nani alikuwa anakufa?"

"Wewe."

"Nani alikula uji?"

"Wewe."

"Basi siku zile mtoto hakula kitu chako. Nilikosea kukulipa kwa mtu mwingine. Jina lako nalichukua mimi niliyekula. Yeye anabaki Koleta wa ubatizo. Kuanzia leo Moza ni mimi, na wewe ni somo wangu."

Octavian alimshika bega. "Laurencia, unasema nini?"

"Mwache," Dafrosa alinong'ona. "Mwache amalize."

Kisha sauti ikasema, kwa upole, "Sawa. Simama twende."

Laurencia alihisi vidole vya baridi vikiingia kati ya vidole vyake. Goti lake moja lilianza kunyanyuka bila yeye kutaka. Dafrosa akampiga kofi la mgongoni, akapita mbele yake, akakaa kati yake na mlango.

"Ngoja, somo. Mila usiile nusu. Mtoto hutolewa na mama yake. Koleta alitolewa, mama yake alikuahidi. Huyu Moza mkubwa mama yake ni mimi. Mimi nilikuahidi lini?"

"Hukuahidi."

"Na siahidi. Nikiwa hai, hatoki."

Mtoto alimkagua yule bibi polepole, kuanzia mvi, mikunjo ya shingo, mpaka miguu iliyovimba vifundoni. Alichukua muda mrefu. Alimtazama kama mtu anayetazama mvua itakatika saa ngapi.

"Haya," sauti ilisema. "Nitangoja."

Koleta akaanguka ubavu, akavuta pumzi, akaangua kilio. Alilia mpaka Magreti akaja mbio na mwiko mkononi, akauliza nani amemwagia mtoto maji ya moto, akashangaa kuwakuta wote watatu wanacheka huku machozi yanawatoka. Jioni ile mtoto alikula uji wa mtama bakuli zima.

Dafrosa hakurudi Nkowe. Shamba lake la mikorosho alimwachia nduguye. Octavian alimpeleka kupima presha, akamnunulia chandarua kipya, akamkataza chumvi. Alimkataza pia kupanda pikipiki, na bibi akalalamika kwamba anatunzwa kama yai. Nyumba ilitulia. Hakuna kilichokunwa, hakuna kilichonukia. Koleta alijifunza kugombana, na Laurencia akaacha kuhesabu milango kabla ya kulala.

Mvua za kwanza zilipoanza, Dafrosa alipata mafua. Alikuwa amekaa sebuleni na mjukuu mapajani, Octavian anachonga mpini wa jembe, Laurencia anashona kifungo. Bibi akakohoa, kikohozi kidogo, kikavu.

Jikoni, ambako hapakuwa na mtu, sauti tulivu ikasema, "Pole, mama."

Laurencia alisikia, kabla hajapata hata kuogopa, mdomo wake mwenyewe ukiitikia, "Bado, somo. Bado."