Udongo Mweupe wa Jumamosi

Lifti ya mahakama iliharibika siku ambayo watu walikuwa wengi kuliko siku zote. Ukumbi wa chini ulifurika mawakili, mashahidi na ndugu za washtakiwa, kila mmoja na haraka yake. Katikati yao alisimama mwalimu wa chuo, gauni la kijani limemkaa, visigino virefu alivyokwisha kuvijutia, na mikononi maboksi mawili yaliyofungwa kwa lakiri. Alitakiwa kutoa ushahidi ghorofa ya tano. Basi kwenye shimo la lifti akachomoza fundi, ovaroli ya buluu, grisi mpaka sikioni, akamwambia dada asijisumbue kungoja, lifti imenuna na haibembelezeki leo. Akanyoosha mikono ampokee mzigo.

"Hayaguswi," mwalimu alisema. "Ni ushahidi."

"Kuna nini ndani?"

"Udongo."

Fundi akayatazama maboksi, akamtazama yeye. "Yaani udongo unatunzwa hivi, na mimi kila siku naukanyaga tu."

Mwalimu akacheka, na kucheka ndiko kulikomponza. Walipanda ngazi pamoja, fundi amembebea mkoba, naye akamweleza kazi yake: anafundisha elimu ya udongo, na polisi humletea matope yaliyokwanguliwa kwenye matairi na sepetu, awaambie yametoka wapi. Fundi akaona anapigwa kamba. Walipofika ghorofa ya tatu mwalimu akamtazama buti, akamwambia kuwa asubuhi ile amepita kwenye tanuri za matofali. Kweli alikuwa amepita. Akaomba namba ya simu hapohapo, akisema mtu wa aina hii ni heri awe wako kuliko awe wa jirani.

Mapenzi, jamani, hayapigi hodi. Fundi alikuwa akipiga simu kutoka juu ya majengo ya watu: "Mwalimu wangu, nimening'inia ghorofa ya tisa, niambie neno nisidondoke." Naye, wanafunzi wakimngoja, alijibu kwa sauti ya chini: "Shika kamba, Fundi. Bado nakuhitaji." Alikuwa anakaribia miaka arobaini. Mwanamume wa kwanza alimdanganya miaka na miaka, mpaka akaona kuolewa si fungu lake. Sasa wazee wa pande zote walikwisha kuonana, siku ya ndoa ikapangwa, na mama yake alikuwa akiimba jikoni.

Doa lilikuwa moja tu, nalo ni Jumamosi. Kila Jumamosi fundi alisema anatengeneza lifti za hospitali, na jioni alipokuja alivua buti nje ya mlango. Zamani alikuwa akiingia nazo mpaka anagombezwa. Mwalimu akazitazama siku moja, akainama kuzichunguza. Hospitalini mtu hukanyaga sakafu. Buti zile zilikuwa na udongo mweupe uliochanganyika na chembe za ulanga zinazometa, na katika mji mzima udongo huo uko kwenye kilima kimoja tu. Chini ya kilima hicho ndiko alikohamia mtalaka wa fundi. Fundi mwenyewe ndiye aliyemwambia, siku alipoulizwa kwa nini ndoa ile ilivunjika, akajibu kwa kifupi kuwa yalikuwa mambo mazito.

Angeuliza. Mwanamke mwingine angeuliza, au angenuna, au angepekua simu. Yeye alichukua kisu, akakwangua soli, akautia udongo kwenye mfuko na kwenda nao maabara. Aliukausha, akauchekecha, akautazama kwa hadubini. Sehemu kubwa akaichoma kwenye tanuri ndogo mpaka vijizizi na mabaki ya majani yakateketea, apime kilichopungua. Ukalingana na udongo wa kilima kile, barabara. Kila mwaka huwaambia wanafunzi kuwa udongo hueleza mtu alikuwa wapi, haujui alifuata nini. Wivu ulimsahaulisha somo lake mwenyewe.

Jumamosi iliyofuata aliuweka mfuko mezani kabla hata ya salamu.

"Hospitali gani iko kilimani, mpenzi?"

Fundi aliutazama mfuko. "Umeutoa wapi huu?"

"Kwenye buti zako. Kwa yule mwanamke unafuata nini?"

Fundi akaketi taratibu, akaanza kueleza bila kumtazama. Nyumba ziko upande mmoja wa kilima. Upande wa pili ni makaburi. Binti yake amelala pale. Alikuwa na miaka sita, homa ikamchukua ghafla, na ndoa nayo ikamfuata mtoto. Mteremko ule mvua huubomoa, kaburi linatitia, na kila Jumamosi baba hupanda na sepetu kulirudishia udongo wake.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Kila anayejua hunitazama kama mgonjwa. Kwako nilikuwa Fundi tu, wa kutaniwa. Nilitaka nikae hapo kidogo zaidi." Akauinua mfuko. "Mbona mdogo hivi? Mwingine uko wapi?"

Mwalimu amesimama mbele ya majaji wangapi bila kutetemeka? Hapa alijibu akitazama meza.

"Niliuchoma. Ndivyo tunavyopima."

"Uliuchoma."

"Sikujua, Fundi."

"Hukuuliza."

Akatoka na mfuko wake. Hakubamiza mlango, na ingekuwa afadhali angebamiza.

Simu za mwalimu hazikupokelewa tena. Mama alipouliza, mwalimu alisema kosa ni lake, na jikoni kukawa kimya. Alilia mpaka machozi yakaisha, kisha Jumamosi moja akavaa nguo za kazi, akapanda kilima. Akamkuta fundi amepiga magoti. Hawakusalimiana. Mwalimu, anayejua namna ardhi inavyoporomoka, akaanza kupanga mawe kukinga mteremko, fundi akamfuatisha, wakapanda na nyasi pembeni. Hata jua lilipofika utosini kaburi lilikuwa limesimama imara.

"Nisamehe," mwalimu alisema.

"Nilikusamehe zamani."

"Basi turudi nyumbani."

Fundi akafuta mikono. "Siku nitakayochelewa, utanitazama usoni au miguuni?"

Alitaka kusema usoni. Mpenzi yeyote angesema hivyo, na fundi angeridhika. Lakini alijijua, na uongo mwingine juu ya kaburi lile hakuuweza.

"Sijui," alisema.

Fundi akatikisa kichwa polepole, machozi yakamtoka, akamshukuru kwa kumwambia kweli. Walishuka pamoja mpaka barabarani, wameshikana mikono kama wachumba, na pale barabarani wakaachana.

Baada ya kila mvua kubwa mwalimu hupanda kilimani kutazama yale mawe. Hupanda Jumatano, ili wasikutane. Mpaka leo mawe yameshika.