Kitabu cha Kipa na Karatasi za Mshono

Kila siku Chiriku akitoka shule huvua viatu mlangoni, hula kilichobaki kwenye sufuria, huosha sahani yake, kisha huja kunisimulia ya darasani huku mimi nikikanyaga cherehani. Ni kwa maneno yake mengi tukampa jina la ndege. Basi Jumatano ile alipoingia kimya na kupita kama mgeni, moyo wangu ulishtuka. Nikamwuliza kama anaumwa. Akasema haumwi.

Mimi shule niliishia darasa la saba, na kompyuta naijua kwa kuiona tu. Lakini naandika haya ili mtoto mwingine asije akapita njia aliyopita binti yangu.

Mwenzao mmoja wa darasani, mlinda mlango wa timu ya darasa waliyemwita Kipa, alivunjika mfupa wa paja akalazwa. Ijumaa asubuhi angehamishiwa hospitali ya mbali kufanyiwa upasuaji, na huko angekaa miezi. Wanafunzi wakaona wamwandikie hadithi, kila mtu yake, ishirini na tatu kwa jumla. Zingefanywa kitabu cha kusomea kwenye simu, kwa kuwa simu mtu aliyelala chali huishika kwa mkono mmoja. Chiriku akajitolea kuzichapa na kuzipanga.

Mkutubi wa maktaba ya mtaa alimwonyesha programu nyepesi ya kutengenezea vitabu vya namna hiyo. Unaandika, unaweka picha, unabonyeza mahali pamoja, kitabu kinatoka. Chiriku akaidharau. Aliniambia ile ni ya watoto wa chekechea, hata kurasa hazigeuki. Akapakua nyingine kwenye kompyuta ya mjomba wake mwenye duka la kupiga picha. Hiyo ilijaa vitufe juu na chini, na kurasa zake zilijikunja zenyewe kama zinapepewa. Kwenye kona iliandikwa kwamba ni ya majaribio ya siku kumi na nne. Hakujishughulisha na maandishi ya kona. Mjomba alimwuliza kama amejaribu kutoa hata ukurasa mmoja. Akajibu atazitoa zote kwa mpigo. Siku tano nzima alizimaliza kwenye jalada, akibadilisha rangi.

Jumatatu alirudi na mfuko wa zile karatasi za hadithi akasema kitabu kimekwisha.

"Na hizi karatasi?" nikamwuliza.

"Hazina kazi tena, mama. Zikate tu."

Mimi sikati kitambaa cha mteja kabla sijakata karatasi kwanza. Mkasi ukishapita kwenye kitambaa, majuto hayashoni. Nikazishukuru zile karatasi, nikazigundisha mbili mbili ukingo kwa ukingo, nikakata mikono, mabega na kola za sare za shule.

Alhamisi alasiri baba yake Kipa alikuja kuchukua kaptura niliyomshonea mwanawe, pana, yenye kufunguka ubavuni ili iweze kupita juu ya plasta. Chiriku alikuwa amekaa kwenye kigoda akichomoa uzi. Yule baba akacheka kidogo akasema mgonjwa wake amekuwa msumbufu, kila saa anauliza kitabu kimefika wapi.

Nikamwambia kimeshatumwa. Mwalimu mwenyewe alikuwa ameniambia asubuhi kwamba Chiriku amemhakikishia hivyo.

"Kwangu hakijafika, dada. Labda simu yangu ndiyo mbovu."

Nilimtazama binti yangu. Uzi ulikuwa umemkatikia mkononi na macho yalikuwa sakafuni.

"Simu si mbovu, baba," akasema. "Mimi ndiye niliyesema uongo."

Yakatoka yote. Jumatatu alikuwa amechapa lakini hajatoa kitabu. Jumatano alipotaka kukitoa, yakatokea maneno mekundu kwamba siku za majaribio zimekwisha, na programu ikajifunga na hadithi zote ndani. Mjomba alihangaika nayo mpaka akachoka. Chiriku aliogopa kuchekwa, akamwambia mwalimu ameshatuma, akitumaini kesho patatokea njia.

"Tunaondoka kesho saa moja asubuhi," baba yake Kipa akasema taratibu. Hakugomba. Alichukua kaptura akaenda zake, na ule upole wake ulimchoma binti yangu kuliko fimbo.

Ilikuwa saa tisa kasoro. Maktaba hufungwa saa kumi na moja. Nilikusanya mikono, mabega na kola zote, nikatia kwenye mfuko. Nikamtuma Chiriku akawaambie wenzake ukweli, nyumba kwa nyumba, kwa mdomo wake mwenyewe. Nilijua ni adhabu nzito. Walikuja kumi na wanne, wengine wamenuna. Msichana mmoja alipoona hadithi yake imekuwa kola, akauliza kama Kipa ataisoma au ataivaa. Hapo kidogo wakacheka.

Mkutubi alitupa kompyuta tatu na kufungua ile programu ya chekechea. Vidole vikaanza kukimbilia vitufe. Nikawazuia.

"Karatasi kwanza, kitambaa baadaye," nikasema. "Chapeni ukurasa mmoja, utoeni, mnitumie."

Chiriku alitaka kubisha kwamba muda hautoshi, kisha akaanza kuchapa. Ukurasa ukaja kwenye simu yangu yenye kioo kilichopasuka. Ukafunguka. Nilipokuza maandishi, maneno yalijipanga upya yakaenea kioo. Hapo nikawaambia waendelee.

Walichapa kwa zamu, mmoja akisoma juu ya mkono wa sare, mwingine akibonyeza. Palipokatwa, mwenye hadithi aliambiwa akumbuke. Hadithi za wasiokuwepo walizisoma kwa kuunganisha vipande mezani. Mwisho wa moja haukuonekana kabisa, na mwenyewe hakuwepo. Chiriku akatoka mbio hadi kwao, akarudi akitweta, ameuandika kwenye kiganja.

Saa kumi na moja ilipogonga zilibaki hadithi mbili. Mkutubi alisimama mlangoni na funguo, akazitia mfukoni, akarudi kukaa. Baada ya dakika ishirini kitabu kilitoka. Jalada lilikuwa jeupe, na jina tu. Tukakituma, tukangoja. Simu yangu ikalia. Baba yake Kipa aliandika kwamba kimefunguka, ila mgonjwa analalamika: katika hadithi ya tano amefungwa mabao matatu, naye hajawahi kufungwa matatu.

Njiani Chiriku aliniomba msamaha. Nikamwambia aanze na mwalimu kesho, kabla kengele haijalia.

"Usiache mbachao kwa msala upitao, mwanangu," nikasema. "Anayeanza huchukua chombo anachoweza kukishika, akakijaribu kwa kitu kidogo. Hilo ulikosea, na kukosea kunarekebishika. Lakini mficha maradhi kifo humuumbua. Ungesema Jumatano, tungekuwa na siku nzima. Uongo wako ndio uliotubakishia saa mbili."

Tulipofika nyumbani alivua viatu mlangoni, akamimina ule mfuko wa mikono na kola mezani, akaanza kuzipanga jozi jozi. Kisha akavuta kigoda karibu na cherehani, akaanza kunisimulia ya darasani.